Bi Subira na Godoro la Sufi

Mahurunga,
9 Septemba 2024

Kwako mke wangu Subira binti Yusufu, Shangani, Mtwara mjini.

Salamu zote unazozijua nimezitia humu ndani, zikunjue mwenyewe. Mimi nina neno na karatasi ni moja.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. Sikumwomba mjukuu wala mwalimu. Wanaume wa rika langu wanaoweka dole gumba unawajua, jirani yetu Sudi ni wa kwanza. Mimi nilisoma kisomo cha watu wazima mpaka nikapewa cheti, na cheti kipo. Simu siitaki. Nikiiwasha tu hapa inakamata mtandao wa ng'ambo ya mto, wa Msumbiji, salio linaliwa kabla sijasema haloo, halafu mwanamke ananisemesha Kireno. Kwa hiyo barua anakuletea Dickson wa pikapu.

Neno lenyewe ni hili. Umeondoka hapa ukasema unakwenda kwa mdogo wako kupumzisha kifua. Nikasema sawa. Sasa kifua hicho kinapumzika mpaka lini? Ndoa yetu bado inanukia udi. Msikitini wananiuliza, "Mzee Asadi, bibi harusi yuko wapi?" Nawajibu kaenda mjini kununua vyombo. Vyombo gani havinunuliki vikaisha?

Kukohoa ulikuwa unakohoa, sikatai, nina masikio. Mchana mzima huna neno, unatwanga, unaimba, unanisema. Ukipanda kitandani tu, kho kho kho mpaka adhana. Mwisho ukashuka kulala kwenye mkeka ukasema joto. Joto la wapi mwezi wa nane? Nyumba yangu ina madirisha manne na sakafu ya saruji, niliiezeka bati wakati Sudi bado analala chini ya makuti. Na kitanda nilichokupa si cha sponji kama vya watu wa mjini. Ni godoro la sufi tupu. Marehemu mama Rehana aliichuma sufi hiyo kwenye msufi wetu wa nyuma, akalishona mwenyewe, na mto wake. Tangu Mungu amchukue hajalala mwanamke mwingine hapo. Wewe nimekulaza. Nitajie mwanamume mwingine angekupa heshima hiyo.

Basi niambie kweli. Ni kifua, au ni mimi? Kama ni mimi sema. Sitalia, silii mimi, hata jino niling'olewa na daktari huku namtazama machoni.

Mumeo,
Asadi Mchopa, mwenye mikorosho.


Shangani,
13 Septemba 2024

Mume wangu Asadi,

Dickson ameleta barua mpaka mlangoni, na mihogo ambayo umesahau kujisifia. Ahsante. Mwandiko nimeusoma wote isipokuwa pale ulipofuta kwa mate.

Si wewe. Naapa. Mwanamke wa umri wangu haolewi kwa kubahatisha. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema lakini hasemi. Nilikaa naye kama nimekaa na kabati. Wewe ulipokuja kuposa ukamweleza kaka yangu kwamba hakuna mhogo mrefu kama wa kwako kutoka huko mpaka Mikindani, nilikuwa nyuma ya pazia, nikajisemea: huyu hata nikizeeka nisione, nitamsikia alipo.

Lakini sikiliza maajabu. Usiku wa kwanza huku nililala mpaka mdogo wangu Asia akadhani nimekufa. Akaniwekea kioo puani! Sikukohoa hata mara moja. Nikaenda kwa daktari, kijana mpole, akaniuliza, "Mama, kikohozi kinakujia ukiwa wapi?" Nikamwambia chumbani. "Na mchana?" Hakuna. Akasema huenda ni aleji, yaani kuna kitu ndani ya nyumba ambacho kifua changu hakielewani nacho. Hakuwa na hakika ni kipi. Akaniambia tuondoe kimoja kimoja, tuangalie.

Alinitajia vitu vingi. Kwa leo chukua hivi: yule paka anayelala miguuni petu. Kuku wanaolala ukumbini. Utando wa buibui na ukungu wa ukutani. Na ile mifuko ya salfa ya mikorosho uliyoificha chini ya kitanda kwa kuogopa Sudi ataiiba. Mume wangu, mtu analalaje juu ya dawa ya mikorosho?

Anza na hivyo. Vingine tuviache kwanza.

Na wa msikitini waambie vyombo ninavyonunua ni vizito.

Mkeo,
Subira.


Mahurunga,
18 Septemba 2024

Mke wangu Subira,

Kazi imekwisha. Njoo.

Paka nimempa Sudi. Alfajiri akarudi. Nikampa tena, safari hii ndani ya gunia, sasa amekaa, maana kwa Sudi kuna panya wa kutosha. Kuku nimewajengea banda lenye mlango na komeo, wapita njia wanasimama kuliangalia, jana mmoja aliniuliza kama linapangishwa. Salfa nimeipeleka ghala la shambani. Kuta nimezipiga chokaa mwenyewe. Utando wa buibui nimeutoa wote, kulikuwa na buibui mmoja mzee, mkubwa, nikamwonea haya lakini nikamtoa. Pazia nimelifua. Mimi, Asadi Mchopa, nimefua pazia mchana kweupe pale kisimani. Wanawake wakanipigia vigelegele, nikawaambia tazameni mjifunze.

Hiyo aleji kama bado imo humu basi imejificha ndani ya tundu la ufunguo.

Na nina zawadi. Godoro lilikuwa limeanza kuzama katikati. Nimelifumua upande nikaongeza sufi ya mwaka huu, debe juu ya debe, mto nao nikaujaza. Kisha nikalipiga kwa fimbo humo humo chumbani, lipate kuumuka, mpaka nikawa siuoni ukuta kwa vumbi. Sasa limesimama kama andazi. Ukilala juu yake utaiona pikapu ya Dickson tangu inatoka Mtwara.

Alhamisi ijayo panda kwa Dickson, kiti cha mbele, nimeshamwambia. Msikitini nimetangaza kwamba vyombo vinafika.

Mumeo,
Asadi.


Mahurunga,
30 Septemba 2024

Kwako binti yangu Rehana, Magomeni ya Mtwara mjini.

Mama yako mdogo alikuja Alhamisi. Jumamosi ameondoka.

Alipofika alicheka. Akaona chokaa, akaona banda la kuku, akalifungua na kulifunga komeo kama mtoto. Akapika pweza aliyekuja naye. Tukala, tukazungumza maneno ambayo wewe hayakuhusu. Tukaingia kulala. Hata kibatari hakijapoa, akaanza. Safari hii mara mbili ya zamani, pua inachuruzika, macho mekundu kama mtu aliyefiwa. Sudi akaja na tochi akidhani namkaba mke wangu. Sudi! Mimi! Nikamwambia rudi kwa paka wako.

Usiku wa pili alikaa barazani amejifunika khanga mpaka kukacha. Namwambia ingia ndani, ananijibu, "Nipo sawa mume wangu, wewe lala." Nikamuuliza, "Subira, humu ndani kimebaki nini?" Akakitazama kitanda. Akatazama chini. Akasema, "Hakuna kitu."

Mwanangu, mimi si mjinga. Mwanamke akikitazama kitanda cha mumewe namna ile, jibu umelipata. Kila kitu nimekwisha kukitoa ndani ya nyumba hii isipokuwa mimi. Kwa hiyo kinachomkohoza ni mimi.

Nenda Shangani. Muulize kikike. Kama hanitaki aseme tu, nitamwandikia talaka yake kwa mkono huu huu, na kwa mwandiko mzuri, asije akasema niliandikiwa na mtu. Usimwambie kwamba tangu aondoke sijala kitu cha maana. Mwambie nanenepa.

Baba yako,
Asadi Mchopa.


Magomeni,
7 Oktoba 2024

Baba, shikamoo.

Nimekupigia simu, akapokea yule Mreno wako. Basi naandika.

Jana jioni nilikwenda Shangani. Nikamkuta mama Subira anapaa samaki uani. Nikamwambia, "Baba anasema ananenepa." Akacheka mpaka kisu kikamdondoka.

"Maskini," akasema. "Kwa hiyo hali."

Nikamuuliza kama ulivyonituma. "Mama, baba yangu unamtaka au humtaki? Kule ameshashika kalamu, anazungumza habari za talaka."

Akaacha kucheka. Baba, yule mama alikaa chini palepale kwenye magamba ya samaki. "Rehana," akaniambia, "mwanamume aliyekwenda kufua pazia kisimani mbele ya wanawake kwa ajili yangu, nimwache, mwingine nitampata soko gani?"

"Sasa kikohozi?"

Akageukia samaki wake. Nikambana. Akasema nile kwanza. Nikala. Akasema niape kwamba sitakwambia. Nikaapa. Kiapo hicho nakivunja sasa hivi, kafara yake nitaifunga mwenyewe.

Ni godoro, baba. Godoro na mto. Daktari alilitaja la kwanza kabisa: magodoro ya siku nyingi, vumbi linalolala ndani yake, na vijidudu ambavyo jicho halivioni. Yeye akakuandikia habari za paka na kuku. Ulipoongeza sufi ukalipiga fimbo chumbani, ndiyo ukamaliza kabisa. "Lakini nitamwambiaje?" akaniuliza. "Kitu alichoniheshimu nacho ndicho kinachonitoa roho? Atasema namwonea wivu marehemu. Na wewe je, mwanangu, ungenielewa? Kimeshonwa na mama yako."

Hapo ndipo mimi nilipocheka, na sasa naomba ukae chini kabla hujaendelea kusoma.

Mama mwenyewe alikuwa halali juu ya lile godoro. Lilikuwa linampigisha chafya tangu siku alipolimaliza. Alilishona kwa ajili yako, na wewe ukalitangaza mji mzima, akaona haya kukwambia. Alikuwa anapanda mnalala wote, ukianza kukoroma anashuka taratibu anatandika mkeka wake. Alfajiri kabla hujageuka anaukunja. Mimi na ndugu zangu tulikuwa tunajua wote. Tulikuwa tunabana vicheko.

Kwa hiyo, baba, wake zako wawili wameshindwa na godoro moja. Hakuna aliyeshindwa na wewe. Liondoe. Ila kile kitambaa chake usikitupe, ni mshono wa mama, nipe mimi.

Mwanao,
Rehana.


Mahurunga,
9 Oktoba 2024

Rehana,

Uongo mtupu.

Mama yako kulala chini? Katika nyumba yangu? Mke wa Asadi Mchopa? Mmekaa huko mjini wanawake wawili mnakula samaki mnatunga hadithi. Mimi nimelilalia godoro hili miaka na miaka, kifua changu kama ngoma, na sijapiga chafya hata moja. Kama lina vijidudu basi ni vijidudu vya adabu.

Godoro halitoki. Nimesema.

Baba yako.

Nyongeza. Mnaposema alikuwa anashuka, alikuwa anatandika upande gani, wa dirishani au wa mlangoni? Nauliza tu.


Mahurunga,
16 Oktoba 2024

Kwako Subira, mke wangu.

Nimeandika kwa Rehana kwa hasira, atakuwa amekuonyesha, usiitilie maanani. Sasa nakuandikia wewe bila hasira, ndiyo maana mwandiko umenyooka.

Baada ya kumjibu nililala. Yaani sikulala. Nilikuwa natazama mlango. Nyuma ya mlango ule, enzi za mama Rehana, kila alfajiri nilikuwa naukuta mkeka umekunjwa umesimamishwa. Kila alfajiri. Unajua mimi nilidhani ni wa nini? Nilidhani anaamka usiku kuswali. Subira, nilikuwa najisifu msikitini! Nilimwambia imamu, nikawaambia na wazee wote, kwamba wake zenu wanakoroma wa kwangu yuko kwenye sijida. Imamu aliitaja habari hiyo siku ya Ijumaa kuwahimiza watu. Kumbe mwenzangu anatafuta pumzi.

Nikacheka peke yangu kitandani. Nilicheka mpaka Sudi akapiga kelele dirishani, "Asadi, umeanza na wewe?" Nikamwambia ndiyo, nimeanza, nenda kalale. Kisha nikamwombea dua mama Rehana. Mwanamke yule alikuwa na siri na alikuwa na huruma, Mungu amlaze mahali pema.

Asubuhi nikalitoa lile godoro, mimi na Sudi, yeye kichwani mimi miguuni. Nikalifumua uani. Sasa hapo nakiri upepo sikuupima. Ulikuja wa ghafla kutoka upande wa mtoni. Subira, sufi iliruka! Mahurunga nzima ikawa nyeupe. Sufi kwenye mikorosho, sufi kwenye uji wa watu, sufi kwenye kofia ya imamu. Watoto wanakimbizana nayo wakipiga mayowe kama sikukuu. Na Sudi, yule Sudi anayesema hana ugonjwa hata mmoja, alipiga chafya tangu hapo mpaka tulipomaliza swala ya adhuhuri, imamu akilazimika kusubiri kati ya rakaa. Kwa hiyo aleji anayo na yeye. Nimemshauri aende kwa daktari wako. Sufi iliyobaki nimeifukia na mto wake. Kitambaa nimekifua kwa maji ya moto na kukianika, Dickson anampelekea Rehana. Mshono wake haujaachia hata mmoja.

Sponji sinunui. Mtu halalii mkate. Nimekuchongea kitanda cha kamba, kile wanachokiita teremka tukaze. Kamba mpya nimezisokota mwenyewe, nikazikaza mpaka ukizigonga zinalia. Juu yake mkeka mpya wa ukindu, na shuka za kufuliwa kila wiki. Nitazifua mimi, kisimani wameshanizoea. Hakuna sufi, hakuna manyoya, hakuna cha kuumuka. Sudi amekijaribu akasema ni kigumu. Nikamwambia hakukusudiwa yeye.

Ile habari ya talaka uliyoisikia, iache. Kisomo walitufundisha kuandika barua, risiti na majina ya watoto. Hilo hawakutufundisha na mimi sikuuliza.

Lakini na wewe una neno la kujibu. Ungesema! Ulikaa barazani usiku kucha unatetemeka kwa kunionea huruma. Sijaomba huruma. Safari nyingine kama kitu changu kinakuua, niambie, "Kinaniua," nami nitakasirika, halafu nitakiondoa. Ndivyo nilivyo, utaratibu ni huo.

Njoo ujaribu. Usipolala vizuri, nitakurudisha Shangani mwenyewe, nami nitabaki huko huko.

Mumeo,
Asadi.


Mahurunga,
4 Novemba 2024

Mwanangu Rehana,

Nimefika salama. Nimechelewa kukuandikia kwa makusudi, sikutaka kusema kitu mapema tukaaibika.

Usiku wa kwanza nilipanda kitandani naogopa kama mwari. Baba yako akakaa pembeni amekunja mikono, ananitazama kifuani. Nikamwambia, "Asadi, mtu hawezi kulala akitazamwa hivyo." Akasema, "Lala, mimi ni mlinzi." Nikafumba macho. Nilipofumbua, jua liko dirishani na yeye bado amekaa palepale, macho yamemvimba, anatabasamu mpaka masikioni. "Hata moja!" akapiga kelele. "Hata kho moja!" Akatoka na msuli wake akaenda kuwatangazia watu wanaotoka kuchukua maji.

Usiku wa pili vivyo hivyo. Na uliofuata. Kuna siku nimekohoa kidogo, wamechoma majani jirani, ikapita. Daktari alikuwa ameniambia isinishtue. Chumba kinafutwa kwa kitambaa kibichi badala ya kufagiliwa vumbi likaruka, shuka zinaanikwa juani, na mwenye kufua ni yeye. Juzi kina mama kisimani wamemchagua mwenyekiti. Amekubali.

Sasa nina ombi. Nilipoolewa nilikuja na sanduku moja tu. Vitu vyangu vingine niliviacha kwa mdogo wangu Asia, nikijisemea tuangalie kwanza. Nimeshaangalia. Nenda Shangani unikusanyie vyote: cherehani yangu, kabati la vyombo, sahani zangu za maua, ile picha ya hijja ya mama yangu, na miche ya mlangilangi iliyo kwenye makopo. Asia akilia mwambie aje atembee. Usiache hata kijiko.

Baba yako ananinyang'anya kalamu.

Rehana mwanangu, ni mimi baba yako. Cherehani Dickson aifunge kamba, hiyo ni mashine na si mhogo. Kabati lisikwaruzwe. Msikitini nilishawaambia zamani kwamba mke wangu amekwenda kununua vyombo, sasa wataviona kwa macho yao, tena gari zima, nani atanibishia. Mama yako mdogo anasema umweleze Dickson aende polepole, asikimbize gari. Sawa. Na mimi naongeza langu: akifika alfajiri, asipige honi. Asubiri nje. Nyumba hii siku hizi watu wanalala.

Sisi,
Subira, na
Asadi Mchopa.